Nilivyopalilia Shamba la Shangazi Sekela

Mbele ya kibanda changu cha steshenari hapa Tunduma kuna ufa kwenye saruji, na katika ufa huo huota jani moja ambalo sijawahi kulishinda. Linakaa chini, limetandaza mashina yake bapa kama vidole vilivyopanuliwa, na pale linapoingia ardhini shina ni jeupe. Wapita njia wanalikanyaga, mimi nalimwagia maji ya moto, wiki ikipita lipo palepale. Juzi asubuhi nilichuchumaa nikalivuta kwa mikono miwili mpaka likakatika, na harufu ya jani bichi na udongo ikanibaki viganjani. Ndani alikuwepo mteja anayesubiri nimchapie wasifu wa kuombea kazi. Nikanawa, nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika jina lake, na vidole vikasimama. Sabuni haikuwa imeiondoa ile harufu.

Wengi mjini hawajui jina la jani hilo. Kwetu, kwenye milima ya Ileje, tuliliita ulezi mwitu, kwa sababu likiwa changa linafanana na ulezi wenyewe kiasi kwamba mtu asiyefundishwa hawezi kuvitofautisha. Mimi nilifundishwa. Hapo ndipo shida yangu yote ilipo.

Niseme kwanza nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa yule anayetolewa mfano. Daftari langu halikuwa na kufutwafutwa. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima nikaandika upya. Nikifagia uwanja, mistari ya ufagio ililala upande mmoja, na kuku akipita juu yake niliumia moyoni. Nyumbani waliniita Mwalimu. Bibi alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ukimwambia mara moja inatosha," na mimi, mtoto wa darasa la nne, niliivaa sentensi hiyo kama sare. Kama na wewe ulikuwa mtoto wa kusifiwa, unajua kinachofuata: anayeelewa mara moja hana ruhusa ya kuuliza mara ya pili. Hakuna aliyeniwekea katazo hilo. Nililiweka mwenyewe, na bado nalitii. Hata kompyuta nimejifundisha peke yangu, kwa kukosea mlango ukiwa umefungwa, badala ya kwenda kumuuliza kijana wa kibanda cha jirani.

Shangazi Sekela, mdogo wake Baba, aliolewa Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka. Kiangazi kimoja alirudi nyumbani Mbebe akiwa na begi moja na kitenge alichokishusha mpaka kwenye jicho la kushoto. Wakubwa wakatuambia amekuja kupumzika. Nikaamini. Nilishangaa tu kwamba mtu aliyekuja kupumzika anaamka kabla ya wote, anachota maji, anatwanga, na kila anapokaa anakaa karibu na mlango kama mgeni anayesubiri gari. Alikuwa amemwacha mtoto wake, Atu, wa miaka minne. Mume alisema mama anaweza kwenda popote, lakini mtoto habanduki pale. Hilo nililijua baadaye. Wakati huo nilidhani Atu naye anapumzika kwao.

Mama alimtania kila siku, maana ndiyo kazi ya mawifi.

"Mulishani, wifi," alimsalimia kwa Kibemba kile cha sokoni Tunduma. "Leo unatupikia nshima, au bado unatuonea huruma?"

"Nshima na ugali ni kitu kimoja, wifi," Shangazi alijibu. "Tofauti ni kwamba wa kule unaiva."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwetu mwanamke akirudi kwao, hakai kwenye jiko la kaka yake milele. Anapewa kipande cha shamba kwa msimu mmoja, analima ulezi, na ulezi huo anaupikia pombe. Pombe ndiyo inayoita watu, na watu ndio wanaomsimamishia nyumba kwa siku moja: huyu anakanyaga udongo, yule anapandisha tofali, wengine wanaezeka. Huwezi kuwaita watu kwa mahindi. Wa kanisani nao wanakuja, wanachotewa togwa isiyolevya kwenye chungu cha pembeni, na Bibi alikuwa akisema kuta za wanywa togwa ndizo zinazonyooka. Kwa hiyo aliyeutazama ulezi wa Shangazi alikuwa anaitazama nyumba yake na ya Atu ikiwa bado majani.

Baba alimpa kipande kwenye mteremko wa chini, mahali alipolima mwaka uliotangulia. Sehemu mpya, ile iliyofyekwa na kuchomwa matawi, alibaki nayo mwenyewe. Ulezi ukiupanda kwenye majivu mapya huna kazi kubwa, moto umeshakula mbegu za magugu. Ukiupanda kwenye shamba la jana, magugu yanaota nao bega kwa bega. Shangazi alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Alipiga magoti akamshukuru kaka yake, akaenda kumwaga mbegu.

Kupalilia ulezi ni kazi ya vidole. Mbegu inamwagwa kwa mkono kama mtu anayelisha kuku, haifuati mstari, kwa hiyo jembe halina pa kupita. Unachuchumaa, au unakaa kabisa, unasogea kidogo kidogo na kijembe cha mpini mfupi, unachagua jani kwa jani. Wanawake waliozoea hawatazami hata; mkono unachagua huku mdomo unasimulia habari za watu. Mimi shamba lile liliniudhi tangu siku ya kwanza. Lilikuwa kama mwandiko mbaya. Nilitamani kulinyoosha.

Shangazi alikuwa amemaliza nusu ya juu ya kipande chake, mimi nikimsaidia kubeba magugu nje ya shamba, aliposhuka kijana mmoja wa jirani anayefanya biashara Tunduma. Alimwambia kwamba mumewe amesafiri na lori kwenda Ndola, na Atu ameachwa na bibi yake mzaa baba, ambaye macho yake hayaoni vizuri. Shangazi hakumaliza hata kumshukuru. Kule juu barabarani gari la abiria la Tunduma lilikuwa limeshaanza kupiga honi, na siku hiyo halikuwepo lingine.

"Mwalimu, njoo upesi," aliniita. Alivuta mmea, akavuta mwingine, akaiweka yote kwenye kiganja kimoja. "Tazama. Huu ni ulezi. Hili ni gugu. Gugu shina lake limebapa, chini jeupe, ukilivuta linagoma. Ulezi unakuja taratibu. Linalogoma ndilo ung'oe. Umeelewa?"

Niliona majani mawili ya kijani. Alipokisogeza kiganja karibu yakachanganyika, sikujua tena lipi lilikuwa lipi.

"Ndiyo, Shangazi."

"Hakika?"

"Ndiyo."

Akanitazama kidogo, akanigusa kichwani, akapandisha mlima akikimbia huku akijifunga kitenge.

Ningeweza kumuuliza Mama jioni. Ningeweza kumuuliza Bibi, ambaye angenijibu bila kugeuza shingo. Badala yake, kwa kuwa sikukumbuka tena kati ya linalogoma na linalokuja lipi ni lipi, nikatafuta jibu pale nilipozoea kulipata, shuleni. Kwenye bustani ya mahindi mwalimu alitufundisha kupunguza miche: acha ule wenye nguvu, ng'oa ule dhaifu. Nikatazama. Mvua zilikuwa zimezidi mwaka ule, na miche mingi ilikuwa myembamba, imefifia ikawa ya njano. Mingine ilikuwa ya kijani iliyokoza, imekaa imara, imeishika ardhi kama mali yake. Jambo likaonekana wazi kabisa. Nikavuta mmoja wa ile ya njano. Ukaja bila ubishi. Nikajisemea, huu hata kujishikilia hauwezi, utakuwaje chakula.

Nilifanya kazi hiyo kila nilipotoka shule, siku zote alizokuwa hayupo, na niliifanya vizuri. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko mengine. Nafasi kati ya mche na mche niliipima kwa kiganja. Ile niliyoing'oa sikuiacha imelala pale. Niliikung'uta udongo nikaitupa mbali, juani, kwa sababu niliwahi kusikia kwamba gugu likiachwa kwenye udongo wenye maji linashika mizizi upya. Nusu ya chini ya kipande cha Shangazi ikawa kijani kimoja, safi, yenye kupendeza ukiwa njiani. Mama alikuwa anashinda kwenye shamba jipya upande wa pili wa mlima. Baba alipita na ng'ombe, akasimama juu kule njiani.

"Mwalimu, hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, Baba."

"Una mkono, mwanangu."

Baba hakuwa mtu wa maneno. Hayo machache nilikwenda nayo kitandani.

Shangazi alirudi na Atu mgongoni, mtoto amelala, miguu imejaa vumbi. Bibi alilia. Mama alichinja kuku na akasahau kabisa utani. Mimi nilikuwa na hamu ya jambo moja tu, nimwonyeshe shamba. Asubuhi nikamshika mkono tukashuka.

Alisimama kwanza njiani, akatabasamu. Kisha akaingia, akainama, akavuta jani moja. Likagoma. Akavuta la pembeni yake. Likagoma. Alitembea akivuta hapa na pale mpaka chini kabisa, akakaa, akanipa mgongo. Nikasubiri. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa mkavu.

"Pamesafishika sana," alisema. "Ahsante, mwanangu."

Nikadhani amekosa maneno kwa furaha.

Kuanzia hapo nikaanza kuona mambo ambayo sikuyapenda. Alikuwa anatoka mapema, anarudi na mafungu ya miche myembamba, ya njano, aliyoifunga kwenye majani ya mgomba. Aliwapitia wanawake wengine mashambani mwao akiwaomba ile waliyoipunguza. Siku moja nikamfuata. Nilimkuta amepiga magoti katikati ya kazi yangu, kijembe mkononi, anang'oa mimea yangu mizuri, minene, anaitupa kwenye lundo, na kwenye mashimo anachomeka miche ile ya ovyo. Atu alikuwa amekaa pembeni anachezea mizizi. Nilijisikia kama mtu aliyechaniwa daftari. Sikumwita. Nilirudi nyumbani mbio, nikamwambia Baba, mbele ya Bibi, kwamba Shangazi anang'oa ulezi wake.

Baba alichukua fimbo yake ya ng'ombe, akashuka. Mimi nyuma yake, nina haki yangu.

"Sekela, unafanya nini?"

"Napalilia, kaka."

Baba aliokota mmea mmoja kwenye lundo, akaupindua, akalibana shina kwa kidole gumba. Nikaona uso wake unabadilika, na nikafurahi, nikijua sasa atamkataza. Akageukia upande ambao Shangazi alikuwa hajaufikia, ule uliobaki na mpangilio wangu.

"Hii nusu nzima nani aliipalilia?"

"Mimi," nikajibu, kabla Shangazi hajafungua mdomo.

Baba alinitazama, akalitazama jani, akanitazama tena. "Mwalimu. Hili ni gugu."

"Lipi?"

"Lote hili."

Masikio yangu yakaziba kama ninazama. Nilitazama chini, nikaona kile nilichokuwa nimekiona siku zote, majani ya kijani, ila sasa mashina yalikuwa meupe kila mahali, yamebapa kila mahali, kana kwamba yalibadilika wakati Baba akisema.

"Nilimwonyesha vibaya," Shangazi alisema.

"Ulimwonyesha vibaya, au hukumwonyesha?"

"Nilimwonyesha, kaka."

Baba akaniuliza mimi. "Shangazi yako alikuonyesha?"

Jibu nililijua. Alinionyesha, akaniuliza kama nimeelewa, akaniuliza tena, na mara zote mbili nikaitikia. Ilikuwa ni kusema hivyo tu. Nikasema, "Alinionyesha haraka haraka."

Baba aliguna. Akamgeukia dada yake. "Mwanamke mzima unamwachia mtoto shamba, unamfuata mwanamume."

"Nilimfuata mwanangu, kaka."

"Shamba ndilo hilo. Lingine sina."

Akapandisha zake. Nilibaki nimesimama, nikingoja Shangazi anigeukie. Alisogea kidogo kunipa nafasi.

"Njoo unisaidie," alisema. "Ule upande bado."

Habari ilienea, kama zinavyoenea, ila ilienea ikiwa ya Shangazi. Kila alipokwenda kuomba miche wanawake walimpokea kwa kicheko. "Kumbe Nakonde wamekusahaulisha hata ulezi? Umezoea unga wa mfuko." Na yeye alicheka nao, akainua kitenge akapokea miche. Sikumsikia hata siku moja akisema ni mtoto. Nilikuwa namfuata nyuma nimebeba majani ya mgomba, na mama mmoja akaninyooshea kidole akamwambia, "Si ungemwachia huyu Mwalimu akupalilie, asingekosea." Nikainama kufunga kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Miche ya kuhamishwa hushika ikipata mvua, na mvua zilikuwa zinaaga. Iliyoshika ilichelewa. Wengine walipovuna, mlima mzima ukawa wa rangi ya kahawia, nusu ya chini ya kipande cha Shangazi ndiyo kwanza ilikuwa inatoa masuke, kijani peke yake. Ndege hawakuwa na pengine pa kwenda, wote wakahamia kwetu. Nilishinda pale kila baada ya shule, mimi napiga debe, Atu anapiga kifuniko cha sufuria. Nilijiambia kwamba ndege hata mmoja akila punje moja nimeshindwa. Nilipiga debe hata ndege wakiwa hawapo, mpaka Bibi akaja kuninyang'anya fimbo. "Unamfukuza nani, mjukuu wangu?" aliniuliza. Kisha ukaja ugonjwa ule unaokausha shingo ya suke: suke limesimama vizuri, ukiliminya ni makapi matupu. Ndege angalau unamfukuza kwa debe. Huo sikujua niupigie nini.

Nusu ya juu, aliyoipalilia mwenyewe, ilimpa ulezi wa kuridhisha. Nusu yangu ilimpa kikapu cha kuonea aibu. Bibi alimwambia auhifadhi wote pamoja, asubiri, aongezee mwakani.

"Mwakani nitalima wapi, Mama?" Shangazi alimuuliza.

Basi Shangazi akafyatua tofali, akazianika, akapika pombe kwa kile alichonacho, akaita watu.

Asubuhi ya siku ile ilikuwa nzuri kweli. Watu walikuja wengi. Vijana walikanyaga udongo wakiimba, wanakwaya wakazingira chungu chao cha togwa, na Baba mwenyewe, ambaye tangu siku ya shamba alikuwa hasemi naye vizuri, alishika kamba ya kunyooshea ukuta. Kuta zikaanza kupanda.

"Sekela," fundi mmoja alimwita kutoka juu, "hili dirisha la upande wa njia ni la kumchungulia nani?"

"La kuwachungulia wanaokuja kuomba pombe," alijibu, "ili nijifanye nimelala."

Walicheka wote. Nilimwona Shangazi akisimama pale mlango ulipoachwa, anaingia, anatoka, anaingia tena.

Kwetu chungu kikiisha, watu wananawa mikono. Hakuna ubaya ndani yake, ndivyo ilivyo. Aliyeitwa na chungu anaondoka na chungu. Jua lilikuwa bado liko juu, na kuta zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Mzee mmoja alikiinamisha chungu, akatazama ndani, akakirudisha taratibu ili asimwaibishe mwenyeji. "Mama Atu, tumeshukuru," alisema. Wakaanza kuja kunawa. Mimi ndiye niliyekuwa nawamiminia maji. Udongo mwekundu ulishuka kutoka mikononi mwao kwenye beseni, mtu baada ya mtu, na kila mmoja alipomaliza alinitazama akasema, "Ahsante, Mwalimu."

Baba alibaki akaongeza mistari michache ya tofali peke yake. Lakini paa linahitaji watu. Kabla mvua hazijaanza, Shangazi alikwenda Saza kuwapikia wachimba dhahabu. Kambini si mahali pa mtoto mdogo, kwa hiyo Atu alibaki kwetu, akalala kitandani kwangu, miguu yake ya baridi mgongoni mwangu. Tofali mbichi bila paa hazina maisha. Lakini kabla hazijayeyuka, Atu alikuwa na mchezo wake. Aliingia ndani ya kuta zile, akasimama mlangoni, akanitaka niende mbali kisha nirudi nibishe hodi.

"Hodi," nilisema.

"Karibu," alijibu. "Mama hayupo."

Mvua zilipokwisha palibaki vilima vya udongo, na Bibi akapanda maboga juu yake.

Sasa Atu yuko sekondari, anaishi nami hapa Tunduma katika chumba changu kimoja chenye pazia katikati. Sare yake naifua mwenyewe, naipiga pasi mara mbili, na akirudi na alama mbaya sisemi kitu, nalala vibaya mimi. Yeye hunicheka: "Dada, hata soksi unapiga pasi?" Shangazi bado yuko Saza, ana mgahawa wake mdogo na amepanga chumba. Wiki hii amekuja kwa ajili ya kikao cha wazazi shuleni kwa Atu. Kwa hiyo juzi, siku ya lile jani, nilipofunga kibanda nilimkuta kwangu amekaa kwenye mkeka anachambua mchicha, na kabla sijavua viatu nikajikuta nimesema.

"Shangazi, unakumbuka ule ulezi?"

"Upi?" Kisha mikono yake ikasimama. "Ule."

"Nilimwambia Baba ulinionyesha haraka haraka."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Hapana. Uliniuliza mara mbili."

"Nilikuuliza nikiwa nimeshageuza mguu," alisema. "Mwalimu, nilikuona. Uliitikia kabla sijamaliza kusema. Macho yako yalikuwa usoni kwangu, hayakuwa kwenye mkono. Nilijua hujaelewa."

"Sasa mbona ulikwenda?"

Alikata shina la mchicha, akalitupa, akakata lingine. "Gari lilikuwa linapiga honi. Ningeanza kukufundisha upya lingeniacha, na yule mwanamume angerudi nikiwa bado huku. Nikasema, wacha ulezi ufe." Alichukua fungu lingine la mchicha. "Nilidhani ukishakuwa mkubwa utasahau. Watoto husahau. Kumbe umekaa nao."

Ningependa kuandika kwamba nilipumua. Sikupumua. Kwanza nilikasirika, nikayafikiria yale madebe, zile soksi, kila ukurasa niliouchana, nikaona nimebebeshwa mzigo usio wangu. Halafu nikaionea aibu hasira yenyewe, kwa sababu kitu alichokichagua siku ile kilikuwa nyuma ya pazia muda huohuo, kinagombana na jiko la gesi, na hakuna ulezi wa mlima wowote ambao ningekubali kukibadilisha nao. Na lile neno langu kwa Baba halijabadilika. Hata kama lilikuwa la kweli, mimi sikulisema kwa sababu ni la kweli. Nililisema ili nibaki Mwalimu.

Nilitaka kumwambia hayo, nikawa nayapanga yakae vizuri, na Shangazi akawa ananisubiri. Atu akafungua pazia, sufuria mkononi.

"Mbona mmenyamaza? Mlikuwa mnaongea nini?"

Shangazi aliniangalia. Akaniachia mimi nijibu.

"Nyumba," nikasema.

"Ya nani?"

"Yenu. Wewe na mama yako."

Atu alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akacheka kidogo kama mtu anayehisi anataniwa.

"Kwani tuliwahi kuwa na nyumba?"

Shangazi aliusogeza mchicha pembeni, akampa nafasi ya kukaa.